Shajara ya mradi: jembe, dagaa na kalafati kwenye dramu

14 Julai 2025, Igogo

Nimelifungua daftari hili kwa sababu mradi umefika mahali ambapo kichwa peke yake hakitoshi kuutunza. Tunataka kurekodi vipande vinne vya jazi, kila kimoja kikitokana na kazi ya mikono ya mtu mmoja wa nyumbani kwetu: jembe la babu yangu wa Sengerema, dagaa wa mama kule Mwaloni Kirumba, nyundo ya baba aliyejenga mitumbwi kwa zaidi ya miaka 30, na kinu cha bibi, ambaye hatunaye tena. Tuko watatu, yaani mpiga gitaa la besi, mpiga saksafoni na mimi kwenye dramu. Nina umri wa miaka 23, na ni kitinda mimba katika watoto sita. Dramu nilizianza nikiwa na miaka 11, kanisani, kwa sababu kijana aliyekuwa akizipiga alihamia Geita na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu.

Nilieleze kwanza neno lenyewe, maana kila ninapotaja jazi hapa Mwanza, mtu mzima huniuliza kama tutapiga nyimbo za Mbaraka Mwinshehe. Swali hilo lina haki yake. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz na Atomic Jazz ya Tanga zote zilijiita hivyo, na upande wa Mara alitokea D. O. Misiani, mzaliwa wa pande za Shirati, ambaye Shirati Jazz yake ilipiga benga, muziki wa gitaa wa Waluo, na kujulikana zaidi akiwa Kenya. Kwa bendi hizo neno jazi lilikuwa na maana ya bendi ya dansi, na muziki wake ulikuwa na undugu wa karibu na rumba ya Kuba kuliko na kumbi za New York. Mimi ninazungumzia jazi ya Marekani, ambamo mpiga dramu huongea na wenzake papo kwa papo badala ya kuwatandikia tu mkeka wa kuchezea. Hata hivyo nisijifanye nimezaliwa nayo: muziki wa kwanza nilioujua ulitoka kwenye redio ya kaseti iliyokuwa ikining'inia kwenye msumari katika karakana ya baba, imejaa vumbi la mbao, nao ulikuwa dansi.

26 Julai

Wiki mbili za mazoezi ya mguu. Majirani wa chini wamelalamika, na wana sababu, kwa kuwa chumba chetu kiko juu ya mwamba na kila pigo la kiki hushuka kwao kama jiwe. Tumetandika magunia ya katani na blanketi kuukuu chini ya dramu. Imesaidia kidogo.

Ninachofanyia kazi kilianza kwa Kenny Clarke, mzaliwa wa Pittsburgh mwaka 1914. Kabla yake, mpiga dramu wa jazi alishikilia mwendo kwa kiki, yaani ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, akiikanyaga mapigo manne katika kila hesabu bila kukosa. Clarke aliuhamishia mwendo kwenye toazi kubwa la kulia, lile ambalo sisi tunaliita toazi la mwendo, na kiki ikaachwa huru kuingia pale tu inapokuwa na jambo la kusema. Mabadiliko hayo ni madogo kuyaandika na makubwa kuyatenda, kwa sababu mguu wangu uliofunzwa kanisani hupenda kukanyaga kila kitu.

Nimemsikiliza pia Max Roach kwa namna anavyoipa kila ngoma sauti ya mwimbaji, na Tony Allen wa Nigeria, aliyejifunza mengi ya haihati, yaani yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, kutokana na maandishi ya Roach na hatimaye akawa nguzo ya bendi ya Fela Kuti. Mwezi uliopita, Juni, alifariki Louis Moholo wa Afrika Kusini, aliyeondoka kwao mwaka 1964 pamoja na kundi la Blue Notes kwa kuwa bendi yenye weusi na mweupe haikuvumiliwa chini ya ubaguzi. Mpiga saksafoni wetu alitaka tumwekee kipande cha tano. Nilikataa, kisha usiku kucha nikajuta. Hata hivyo bado nadhani nilikuwa sahihi, maana vinne vyenyewe vinatutoa jasho.

Ila anayenishika zaidi ni Elvin Jones. Alikuwa mdogo katika watoto kumi wa nyumba moja ya Pontiac, Michigan. Kaka yake Hank alipiga piano na kaka yake Thad alipiga tarumbeta, wote watu wakubwa katika fani. Upigaji wake hugawa pigo moja katika matatu na kuyatawanya matatu hayo kwenye mikono na miguu, hata usiweze kusema ni kiungo kipi kinachoongoza. Nikimsikiliza huwaza kwamba mtu aliyekulia katika nyumba ya watoto kumi lazima awe alijifunza mapema kuingiza neno lake katikati ya maneno ya wengine.

9 Agosti

Kwa babu, Sengerema. Tulipanda gari Nyegezi, tukapita Usagara, kisha Kigongo, na tukavuka kwa daraja jipya lililofunguliwa Juni, lenye urefu wa kilomita 3 hivi. Nilizoea kuliona ziwa hili nikiwa juu ya kivuko, nimebana begi la vijiti kwapani. Safari hii nilikuwa sijamaliza kueleza sentensi moja kwa mpiga besi tukawa Busisi.

Babu yangu katika ujana wake alikuwa mpiga ngoma wa kundi la kulima lililocheza bugobogobo. Kwa asiyeijua, ni ngoma ya majembe ya Wasukuma: vijana walikuwa wakilima shamba la mtu, mara nyingi la pamba, kwa kufuata mapigo, na baadaye majembe hayo hayo wakayarusha na kuyazungusha katika mashindano. Kundi lake lilikuwa upande wa Bagika, mojawapo ya pande mbili za wacheza ngoma za Wasukuma; nyingine ni Bagalu. Mashindano kati ya Bagika na Bagalu ni ya tangu karne ya 19, na hukumu yake ni ya ukatili mtupu: makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na anayewavuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Mpaka leo hufanyika hivyo kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, karibu na makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada aliyezipenda ngoma za Kisukuma kiasi cha kuziingiza kanisani. Nilikwenda Bulabo nikiwa mtoto. Nakumbuka kwamba nililiacha kundi la babu na kukimbilia la wapinzani kwa sababu walikuwa na chatu, na kwamba babu aliniona.

Nilimsikilizisha rekodi yetu ya kwanza kwa simu, nikiwa na matumaini makubwa. Nilikuwa nimenakili mapigo ya ngoma zake kwenye tomu, zile ngoma za kati za dramu, mkono wa kulia ukishikilia swingi, ule mwendo wa kubembea wa jazi, kwenye toazi la mwendo, na kiki ikianguka pale jembe linapoingia ardhini. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema, “Mjukuu wangu, hao watu wako watachoka kabla ya jua kupanda.”

Nikamwomba anieleze. Alinyanyuka, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ghalani, akalima hatua tano pale uani penye udongo mkavu, huku mdomo wake ukitoa sauti ya ngoma. Ndipo nilipoona. Ngoma kubwa katika kundi lao haikupigwa jembe linapoanguka, kwa sababu jembe huanguka lenyewe kwa uzito wake. Ilipigwa linapokuwa bado chini na mgongo haujaamua kunyanyuka. Kazi ya mpiga ngoma ilikuwa kuinua mikono ya watu. “Chini linakwenda lenyewe,” alisema, “wewe ulipwe kwa kulipandisha.”

Nimelala kwake usiku huu na sipati usingizi. Kwa miezi minne nimekuwa nikiweka kiki mahali ambapo udongo tayari umeshatoa sauti yake.

23 Agosti

Kipande cha jembe kimevunjwa na kuanzwa upya. Kishindo cha jembe sasa hakipigwi na mtu yeyote: tumekiacha wazi, msikilizaji akijaze mwenyewe. Kiki yangu huingia baada yake, kwenye theluthi ya mwisho ya pigo, mahali palepale ambapo Elvin Jones angependa kuweka lake la tatu, na gitaa la besi hupanda badala ya kushuka. Haihati nimeifunga kidogo kwa mguu wa kushoto ili iwe pumzi.

Siku tatu za kwanza mpiga besi aliangukia kwenye shimo lile kila mara, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akidhani imebaki moja. Siku ya nne aliweka gitaa chini, akaenda uani kuchota maji kisimani kwa kamba, akarudi akaipiga sawasawa. Hakueleza na mimi sikuuliza.

Mwendo ni mapigo 104 kwa dakika.

8 Septemba

Jana tulirekodi sauti za mama. Tarehe ilichaguliwa na mwezi wala si sisi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji, zamani karabai na sasa nyingi za betri. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, wavuvi hupumzika, na mama naye hupata siku chache za kukaa kitako. Kwa hiyo jana, mwezi ulipokuwa umejaa, ndiyo nafasi pekee tuliyopata kumweka mbele ya kinasa sauti.

Kazi yake ni kuanika. Dagaa humwagwa juu ya nyavu zilizotandazwa, husambazwa, hugeuzwa kwa ufagio wa chelewa, na jioni hukusanywa kabla ya umande. Sauti ya ufagio ule juu ya dagaa waliokwisha kukauka ni sauti ya brashi za waya juu ya ngozi ya sinea, ile ngoma ndogo yenye sauti kavu, kabisa, kiasi kwamba mara ya kwanza niliposikia brashi katika rekodi ya Kimarekani nilidhani kuna mtu anaanua dagaa. Ndiyo asili ya kipande hiki.

Tatizo ni metronomu, kile kidude kinachogonga mwendo usiobadilika. Mama huimba anapofagia, na nilikuwa nimempangia mapigo 96 kwa dakika kupitia visikizio. Aliimba beti mbili, akavivua. Akasema kile kidude kinamharakisha kama tajiri anayesubiri magunia. Tukamwacha aimbe peke yake, kwa dakika 7, huku akifagia kilo chache za dagaa waliobaki, nami baadaye nikapima: alianza karibu na 96 na kumaliza karibu na 84. Mteremko huo haukuwa wa kuyumba. Ulikuwa laini kama jua linavyoshuka, na nilipojaribu kuunyoosha kwa kompyuta, wimbo ulikufa pale pale. Maneno yalibaki na mwanamke akaondoka.

Hivyo kipande cha dagaa kitapigwa bila metronomu, sote watatu tukimfuata mama. Ni kazi ngumu kuliko ya jembe. Kupunguza mwendo kwa pamoja bila kuonekana mmechoka kunahitaji masikio ambayo hatujayapata bado.

Usiku tulikaa nje juu ya miamba tukisikiliza tulichorekodi, na mwezi ukapatwa. Tangu kama saa mbili na nusu mpaka karibu saa nne ulikuwa mwekundu wa kutu. Mama alisema kwa giza kama lile angeweza kuwaambia wavuvi waingie ziwani, kisha akacheka hadi akakohoa, na kicheko hicho kimo katika rekodi kwa sababu mpiga saksafoni alisahau kuzima.

20 Septemba

Siku ya karatasi. Nimesoma kuhusu usajili wa kazi za muziki na nikakwama kwenye nafasi ya jina la mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na ina sehemu yake inayohusu sanaa za jadi, lakini wimbo wa mama hauingii vizuri popote: sauti aliipata kwa mama yake kule Ukerewe, maneno nusu ni yake, na dramu ni zangu. Mapigo ya bugobogobo si ya babu wala si yangu. Ni ya watu wote waliowahi kulima kwa kuyafuata.

Tumekubaliana kwamba kipande cha dagaa kitakuwa na watunzi wawili, mama kwanza, na mapato yakija yagawanywe katikati. Kipande cha jembe tutaandika kuwa ni mapigo ya jadi ya Wasukuma, mpangilio ukiwa wetu watatu. Nilipompelekea mama karatasi aweke sahihi, alisoma mstari kwa mstari kisha akauliza mapato yenyewe ni kiasi gani. Nikamweleza ukweli. Akarudisha kalamu akisema bado debe moja la dagaa linamlipa vizuri zaidi, ila jina liandikwe kwa herufi zinazosomeka.

11 Oktoba

Mambo mawili mabaya. La kwanza: studio tuliyokodi ilipoteza rekodi za siku nzima baada ya umeme kukatika mara tatu mfululizo, na aliyehusika alituambia tushukuru kwamba vifaa vyetu havikuungua. Tumelipia saa sita na tumebakiwa na dakika kumi na moja. Kuanzia sasa tunarekodi kwa kifaa chetu kidogo cha betri, popote palipo na utulivu, hata kama ubora utapungua.

La pili ni kipande cha baba. Nimekiandika mara tatu na mara zote tatu ni uongo. Baba alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao, na sauti ninayoitafuta ni ya kukalafati: nyuzi za pamba husokomezwa katika mwanya kati ya ubao na ubao, kwa patasi butu na nyundo, ili maji yasipite. Nilidhani naikumbuka. Mapigo manne au matano mepesi, kimya, halafu tena. Nikayaweka kwenye ukingo wa sinea, nikajaza kimya kwa toazi, na kila mtu aliyesikia alisema ni tamu. Baba peke yake alisema hakuna fundi hapo.

Basi nikamwomba anionyeshe. Nilimletea ubao, patasi, pamba, na nyundo yake mwenyewe. Aliviangalia vyote, akaweka nyundo juu ya meza taratibu. “Siwezi kukalafati mtumbwi usiovuja,” alisema.

Nilikasirika kidogo, nakiri, kwa kuwa nilikuwa nimepoteza pesa siku hiyo hiyo. Baadaye jioni alinieleza kwa hiari yake kwamba fundi hahesabu mapigo. Hupiga akisikiliza sauti ya ubao. Mwanya ukiwa na nafasi, nyundo hulia nene, na ukijaa, sauti hupanda na kukauka, na hapo ndipo mkono husimama. Kimya kinachofuata ni cha kidole gumba kupita juu ya mwanya kutafuta penye unyevu. Kwa maneno mengine, ile idadi ya manne au matano niliyoikariri utotoni haikuwa hesabu ya muziki hata kidogo. Ilikuwa kina cha mwanya.

Kipande cha kinu cha bibi kimekamilika na hakina historia ya kusimulia. Kilikuja chenyewe kwa jioni mbili.

22 Novemba

Sengerema tena. Mvua za vuli zimeanza, udongo umelainika, na babu alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba kama tunataka jembe la kweli tusichelewe. Tulibeba dramu nusu tu, yaani kiki, sinea, haihati na toazi moja, tukazifunga juu ya gari pamoja na mahindi ya watu.

Unyevu ulitupa somo ambalo nilipaswa kulijua. Ngozi za dramu zangu ni za plastiki na hazijali hali ya hewa, lakini ngoma mbili za babu ni za ngozi ya ng'ombe, nazo zilikuwa zimelegea hadi zikitoa sauti ya gunia la pumba. Tuliziweka karibu na moto wa majani kwa karibu nusu saa, tukizigeuza, mpaka zikaita. Kisha kila baada ya dakika 20 ilitubidi kuzirudisha motoni, hivyo muda wa kurekodi ulipangwa na ngozi, si na sisi. Nimeshazoea.

Tulipiga chini ya mwembe, kando ya shamba. Babu hakupiga ngoma. Mabega yake hayamruhusu tena. Alipokea ngoma kubwa binamu yangu, wajomba wawili wakashika majembe, na babu akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akiangalia mguu wangu wa kulia na si kingine chochote. Mara ya kwanza tulikwenda kasi. Mara ya pili mbuzi aliingia. Mara ya tatu ilikuwa safi na haikuwa na uhai, na nadhani ni kwa sababu nilikuwa nikimfikiria msikilizaji wa mbali. Mara ya nne wajomba walikuwa wamechoka kweli, jembe likawa linakawia kunyanyuka, na mimi nikajikuta siwezi kuweka kiki mahali nilipoizoeza kwa miezi mitatu. Ilibidi nisubiri migongo yao. Nikasubiri. Nilipoikanyaga, majembe yalipanda.

Tumechukua hiyo ya nne. Ina kasoro mbili za saksafoni na kikohozi cha mtu, vyote vinabaki. Babu hakusema neno juu yake, ila wakati wa chakula alimwambia mpiga besi, nikiwa nasikia, kwamba mwaka ule wa chatu hata yeye alitamani kwenda kuwatazama wapinzani.

Wakati naandika haya baba amepiga simu. Kuna mtumbwi umevutwa ufukweni Igombe, wa mtu anayemfahamu, na unavuja pande zote mbili. Nimemwomba asiguse nyundo mpaka nifike na kinasa sauti. Amesema atangoja mpaka saa nne asubuhi, kwa sababu mwenye mtumbwi ana njaa.